Vidole vya Mzee Vernon

Siku ile walikuwepo hawa: Mzee Vernon, mwimbaji na mpiga gitaa wetu, aliyekuwa anatimiza miaka sabini na tisa; Desmond wa drams, Mjamaika, ambaye siku za kazi aliendesha basi la abiria wa uwanja wa ndege; Irena wa piano, mama wa Kipolandi mwenye mkono mzito na moyo mwepesi; Paolo wa kinanda cha mdomo, fundi bomba; Gino, mwenye baa; Claudette, binti pekee wa Mzee Vernon, aliyekuja na keki; na mimi, Salome, wa besi. Waliobaki walikuwa wateja, kama thelathini hivi. Majina yao siyajui, na wao hawamo katika kosa hili.

Nawataja wote, wanangu, ili mkiisikia habari hii kwa mtu mwingine msimtilie shaka asiyehusika. Watu saba niliowataja tulikuwa pale, yeye mwenyewe akiwemo, alipoanguka. Mbali na yeye, aliyekuwa na sababu ya kujua kwamba ataanguka alikuwa mmoja.

Jumamosi iliyopita, kule chini ya kanisa ninakowafundisha muziki, mmoja wenu aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yenu, kama nilishawahi kuogopa jukwaani. Nikasema, "Sana," kisha nikawaambia mshike magitaa. Halikuwa jibu lile. Jibu ni hili, na nimeliandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Mnaelewa zaidi ya mnavyojifanya. Mkikwama, waulizeni mama zenu.

Nilipiga besi katika bendi ya bluzi kwa miaka kumi na tisa. Msinione na hii fimbo. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa ghalani Downsview nikipanga maboksi ya viatu, na Jumamosi nilikuwa Weston, katika baa ya Gino, kuanzia saa tisa mchana mpaka saa kumi na mbili jioni. Watu hudhani bluzi ni muziki wa usiku wa manane. Sisi tuliupiga mchana kweupe, kama zile bugi, dansi za mchana, alizokuwa akipiga baba yangu Morogoro. Wateja walitoka sokoni na mifuko yao, wakaisukuma chini ya meza, wakaagiza bia moja wakainywa saa tatu nzima. Kila treni ilipopita nyuma ya baa, glasi zililia, na Desmond alizifuata kwa drams zake kana kwamba zimo kwenye wimbo.

Hakuna aliyekuwa akiishi kwa muziki peke yake. Mzee Vernon alikuja mji huu kwa treni kutoka pwani ya mashariki akiwa na miaka kumi na saba. Akasafisha sakafu za hospitali, akapaka rangi nyumba za watu, na katikati ya hayo akapiga gitaa kila palipokuwa na soketi ya umeme. Alirekodi santuri moja tu. Kampuni iliyoitoa ikafungwa, naye akapewa sahani zilizobaki, akaziweka chini ya nyumba yake. Mwaka uliofuata maji yakaingia. "Nilishuka ngazi," alikuwa akisema, "nikazikuta sahani zote zinaogelea, mimi nikiwa nimechapwa kwenye majalada, natabasamu kama bata." Alikuwa akicheka sana hapo. Mara moja tu nilimwona akimaliza hadithi ile bila kucheka, na wakati huo alikuwa akimsimulia Claudette kwa simu.

Binti yake hakuupenda muziki ule. Alipokuwa mdogo ndio uliokuwa ukimchukua baba yake: wiki mbili kaskazini kwenye miji ya migodi, wiki mbili mashariki, kisha anarudi nyumbani, analala siku nzima. Kwa miaka mingi Claudette hakutia mguu kwenye baa yoyote aliyopiga Mzee Vernon. Hilo mlishike.

Nami nilifikaje pale? Baba yangu alikuwa mpiga besi wa bendi ya dansi. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, akanifundisha kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumfundisha. Alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Mama akafuata nikiwa na kumi na minne. Nikaacha shule, nikauza lile besi, nikawalea wadogo zangu wawili, Neema na Yohana, kwa kuosha nguo za watu na kukaanga maandazi. Baadaye nikapata kazi za ndani kwa familia moja ya wafanyabiashara Dar es Salaam, Waislamu wa Kishia, watu wazuri, na walipohamia huku wakanileta niwatunzie watoto. Watoto wakakua. Mimi nikahamia ghalani. Jumamosi moja, nikisubiri basi Weston, nikasikia besi ikipigwa vibaya kupitia mlango uliokuwa wazi. Nikaingia ndani ili nione ni nani huyo. Alikuwa mpwa wa Gino. Mzee Vernon akaniona ninavyokunja uso, akasema kwenye maikrofoni, "Sista kule nyuma ameng'atwa na kitu. Njoo utuonyeshe ni wapi."

Nikapanda jukwaani na viatu vya ghalani.

Sasa niwafundishe kidogo. Wimbo wa bluzi huzunguka. Kila mzunguko una hesabu kumi na mbili, na besi ndiyo inayowaambia wenzake mpo wapi. Siku ile ya kwanza nilihesabu kumi na mbili kama mtoto mwema, nikageuka kuanza upya, kumbe Mzee Vernon bado anauvuta mstari wake. Tukagongana. Akawaambia wateja, "Sista amefika kituoni kabla ya basi." Wakacheka. Tulipopumzika akanivuta pembeni.

"Umehesabu ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Vizuri. Mimi nimeimba kumi na tatu. Basi wimbo ulikuwa wa kumi na tatu. Mwimbaji hakosei, sista. Wewe ndiye umewahi, au umechelewa."

Nikaishika sheria hiyo. Alikuwa akiongeza hesabu, akipunguza, akirudia mstari kwa sababu mwanamke fulani ameingia na kofia nzuri, nami nipo naye kama kivuli. Wateja hawakujua kamwe. Ndiyo kazi ya besi: sakafu isitikisike hata kama nyumba inahamishwa.

Jambo la pili ni vidole. Bendi ya namna yetu haina karatasi. Mwimbaji huamua wimbo hapo hapo, na huwaambia wenzake ufunguo kwa mkono wa kushoto, chini chini, wateja wasione. Vidole vikielekea juu: kimoja ni G, viwili ni D, vitatu ni A, vinne ni E. Vikielekea chini: kimoja ni F, viwili ni B fleti. Mimi nilisimama kushoto kwake, nikiutazama mkono ule. Irena alikuwa ametupa mgongo kwa sababu piano ilitazama ukuta. Desmond alimwona kwa nyuma tu, kati ya matoazi yake. Paolo hufumba macho tangu anaanza mpaka anamaliza. Basi vidole nilivisoma mimi, nikaipiga sauti ya kwanza, na wote wakanifuata.

Hofu? Niliyoijua kabla ya hapo ilikuwa ya barabarani. Wakati mmoja tulikuwa tunakwenda Timmins, kwenye migodi ya kaskazini, Januari, Desmond anaendesha, barafu imelala juu ya lami kama kioo. Gari likateleza, likazunguka mzima, likasimama linatazama tulikotoka. Kisha Mzee Vernon, aliyekaa mbele, akauliza kwa upole, "Desmond, umesahau kitu nyumbani?"

Mimi nilikuwa nimeushikilia mlango kwa mikono miwili. Akageuka akanitazama. "Ukiogopa, hesabu," akasema. "Mpaka kumi na mbili, halafu upya. Mguu wako utakumbuka kazi yake." Nikahesabu mpaka Timmins. Tulipofika nikakimbilia kufungua boksi nione kama besi langu ni zima, na hapo hapo rangi yake ikaanza kupasuka mbele ya macho yangu, ta-ta-ta, kama mchele kwenye kikaango. Kwa hiyo sikieni: ukitoka kwenye baridi usifungue boksi la gitaa. Liache sakafuni. Vyuma vya boksi vikiacha kukuuma kiganjani kwa baridi, ndipo ufungue.

Nimezunguka vya kutosha. Nilikuwa natafuta namna ya kutofika hapa.

Ilikuwa Februari, wiki tatu kabla ya siku niliyoanza nayo. Mzee Vernon alishusha mkono akanionyesha vidole vitatu juu. A. Nikapiga A, naye akaanza kwa E. Nikasema moyoni, ananichezea. Nikahamia E kabla Irena hajashtuka. Katika mzunguko wa pili akakata hesabu mbili, nikazikata naye. Akaimba mstari mmoja mara tatu, na hakuna mwanamke mwenye kofia aliyekuwa ameingia. Kisha ile shingo ya chupa, kioo anachovaa kwenye kidole kidogo cha kulia, maana alipiga gitaa kwa shoto, ili kutelezesha nyaya, ikamtoka ikaanguka. Aliutazama mkono wake. Hakuinama.

Nikainama mimi, huku mkono wa kushoto ukiishikilia sauti, nikamrudishia kioo kidoleni. Wateja wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo tulioupanga.

Wakati wa mapumziko nilimkuta ukumbini nyuma, amekaa juu ya kreti la bia. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelegea, kidogo tu, kama pazia lililotoka kwenye ndoano moja. Alizungumza kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Robo saa baadaye akawa sawa kabisa, anadai sandwichi.

"Ilikuwa nini ile, Mzee?"

"Sukari imeshuka."

"Una sukari?"

"Sina. Ndiyo maana imeshuka."

Sikucheka. Akaacha na yeye. "Sista, wewe kazi yako ni kuutazama mkono. Mwenye mkono muache."

Neema, mdogo wangu niliyewatajia, ni muuguzi. Alinifuata huku baada ya miaka mingi na tunakaa wote, ghorofa ya tisa, pale kwenye njia panda ya Jane na Finch. Jumatatu yake alitoka zamu akanikuta jikoni nachemsha nyaya za besi. Nyaya zikizeeka huwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Ukizichemsha dakika kumi na kuzikausha vizuri, hupata ujana wa wiki kadhaa. Akafunua sufuria.

"Dada, leo tunakula nyaya?"

"Weka ndimu."

Akakaa, akaanza kuvua viatu. Mimi nikakoroga, maana nilihitaji kitu cha kutazama. "Neema, mdomo wa mtu ukilegea kidogo, halafu ukarudi, inaweza kuwa sukari?"

Kiatu kikabaki mkononi. "Mdomo wa nani?"

"Wa mtu mmoja wa ghalani."

"Aende hospitali."

"Lakini umesharudi vizuri."

"Ndiyo maana nasema aende sasa, Dada. Hilo ni onyo. Wengine hawapewi. Dawa zipo, lakini za kuzuia, si za kufufua. Una namba yake?"

"Nitamwambia."

Kesho yake akauliza, "Yule wa ghalani alienda?"

"Alienda," nikasema. "Wamempa vidonge."

Nilimwambia Mzee Vernon, nisijitie lawama nisiyostahili. Jumamosi iliyofuata niliwahi kabla ya wengine, nikamweleza neno kwa neno alivyosema Neema. Alisikiliza hadi mwisho huku akikaza nyaya.

"Ukimwambia Claudette, kesho nimo kwenye nyumba ya wazee na televisheni."

"Ukikaa kimya unaweza kufa."

"Naweza kufa nikivuka barabara hapo nje." Kisha akasema, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, ya mtu anayeomba: "Anakuja siku yangu ya kuzaliwa. Amesema mwenyewe. Atakaa kwenye meza ya mbele anisikilize. Hajanisikiliza tangu ana meno ya utotoni. Nipe mpaka siku hiyo, sista. Baada ya hapo nitakwenda kwa miguu yangu, na Neema wako anishike mkono."

Wiki mbili zilikuwa zimebaki. Nilimwona anavyoogopa. Hakuwa anaogopa kufa. Aliogopa meza ile ya mbele ikae tupu. Nikasema sawa.

Jumamosi ile na iliyofuata nilimficha. Sijawahi kupiga besi vizuri kama siku zile mbili, na kulisema hilo kunanichefua. Akinionyesha vidole visivyoeleweka, nilianza mimi kwa sauti ndogo ufunguo aliouzoea, naye akaingia. Akisahau maneno, nilimgeukia nikayasema kwa midomo. Akikata hesabu nne, bendi nzima ilikata hesabu nne, na Irena akaniambia, "Leo mzee ana moto!" Kila Jumamosi nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa jasho mpaka kwenye koti. Kila simu ilipolia ghalani nilidhani ni habari ya Mzee. Nilikuwa nahesabu nikipanga viatu, nahesabu kwenye basi, nahesabu nikiosha vyombo, na Neema akaniuliza, "Dada, unahesabu nini?"

Siku yenyewe Claudette alikuja mapema, akaweka keki juu ya meza ya mbele, akaketi na mkoba magotini kama mtu aliyeko kwa daktari. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kupita kiasi. Mzee Vernon alikuwa amevaa tai. Alimwimbia moja kwa moja, na wimbo wa tatu ulipofika nilimwona Claudette ameuweka mkoba chini. Gino akaniletea maji akaninong'oneza, "Binti ana sura yake kabisa anapocheka." Nikasema moyoni: imebaki saa moja tu. Saa moja, kisha Neema.

Baada ya mapumziko alishusha mkono wa kushoto kunipa ufunguo. Vidole vikafunguka, vikafumba. Vikafunguka tena. Vilikuwa na nguvu, ila hesabu ilikuwa imempotea; aliviangalia kana kwamba ni vya mgeni. Sikungoja. Nikapiga E, wimbo tuliozoea kuanza nao, na wote wakaingia.

Mstari wa kwanza ulitoka safi. Wa pili haukuwa maneno. Ulikuwa sauti tu, inapanda na kushuka panapotakiwa, lakini ndani yake hamna neno. Paolo, macho amefumba, akaijibu kwa kinanda chake, na wateja wakapiga kelele kwa furaha, maana waimbaji wa bluzi hufanya hivyo wakizidiwa na wimbo. Claudette alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, analia na kucheka.

Nami nilimfuata. Mwimbaji hakosei. Nilihesabu kumi na mbili, nikahesabu tena kumi na mbili, na tena. Mizunguko mitatu mizima nilimshikilia yule mtu aliyekuwa anaugua mbele ya macho yangu, na niliishikilia kazi ile vizuri hata binti yake hakutambua kitu. Kama ningeinua mkono tu, nikaacha kupiga, kila mtu angegeuka. Besi ikinyamaza, bendi husimama. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto.

Kisha goti lake likapinda. Nikaliachia besi, nikamdaka kabla kichwa hakijafika ukingoni mwa jukwaa. Shingo ya besi ikakatika chini yetu. Watu wanakumbuka mlio ule. Mimi nakumbuka kwamba Desmond aliendelea kupiga hesabu nne zaidi kabla hajaelewa.

Hospitalini alitoka daktari, msichana mdogo, akatukuta wote tumesimama. Akauliza taratibu: katika wiki zilizopita, kulikuwa na dalili yoyote? Mkono kuwa mzito, mdomo kupinda, kuchanganya maneno? Claudette akasema yeye hakai naye, akatugeukia sisi. "Nyinyi mko naye kila wiki."

Desmond akatikisa kichwa. Irena akasema alikuwa na moto kuliko kijana. Paolo akaanza kulia. Claudette akanitazama mimi.

"Hapana," nikasema.

Ilitoka kwa urahisi. Ilikuwa sauti ileile niliyomjibu Neema kuhusu mtu wa ghalani. Ni ya zamani zaidi ya hapo, wanangu. Mama alipokuwa anaumwa, majirani waligonga mlango. "Mama hajambo?" Nami mlangoni, Yohana mgongoni: "Hajambo." Niliogopa wakijua tutagawanywa, huyu kwa mjomba, yule kwa shangazi. Siku tatu nilisema hajambo. Ya nne hawakuhitaji kuuliza. Na kwenye msiba mtaa mzima ulinishika kichwa ukasema, tazameni mtoto mkubwa, tazameni anavyowabeba wenzake. Nililipwa sifa kwa jambo lile. Nikajifunza.

Claudette aliushika mkono wangu palepale mbele ya daktari. "Asante kwa kumdaka," akasema. "Ulikuwa unamtazama. Wengine wote hatukuwa tunamtazama."

Mzee Vernon hakufa. Upande wake wa kulia ulilala, na maneno yakamtoka. Yuko kwenye nyumba ya wazee hapo Weston, dirisha linautazama mto Humber, na televisheni ipo, kama alivyotabiri. Jambo la ajabu ni kwamba hawezi kuomba maji, lakini ukimpigia wimbo anaimba maneno yote. Wataalamu wanasema kuimba na kusema havikai chumba kimoja kichwani. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi, kabla sijaja kwenu, Claudette hunipitia kwa gari, nami hupeleka besi, sasa lina shingo mpya. Mzee hushusha mkono wake wa kushoto, ule mzima, hunionyesha vidole. Vitatu juu. Nami hupiga A. Claudette hukaa pembeni akiimba naye. Amejifunza nyimbo zote.

Mwezi wa kwanza baada ya kuanguka kwake, Claudette alinipa ile shingo ya chupa ya baba yake imefungwa kwenye leso. "Hii ni yako," akasema. "Angetaka uwe nayo." Ipo kwenye droo ya vijiko. Sijawahi kuivaa.

Sasa kuna mama mmoja anayekuja kumfundisha kusema upya, na maneno yanarudi, moja moja. Lilianza "maji". Likaja "hapana". Kisha "Gino", na Claudette akashika kiuno: "Baba! Gino kabla yangu?" Tulicheka wote, yeye zaidi. Na kila neno linaloingia mimi hushtuka. Namtakia apone, namwombea kanisani na mnaniona nikipiga magoti, na papo hapo naogopa atakavyopona. Jumamosi iliyopita alinitazama mimi, akahangaika na mdomo wake kwa muda mrefu, akasema, "Vidole." Kisha akasema, "Sista." Kisha, "Aliona."

"Ndiyo, Baba," Claudette akamwambia, akimpangusa kidevu. "Aliona unavyoanguka, akakudaka."

Yeye hakuondoa macho kwangu. Mkono wake nimeusoma miaka kumi na tisa. Macho yake sikujifunza. Sijui kama alikuwa analaumu au anasamehe, au alitaka tu kujua kama mimi nimesema.

Nilikwisha kumwambia Neema. Siku mbili baadaye akasema, "Hilo deni si langu kulisamehe, Dada. Wala si lake yeye mzee peke yake. Alikuomba ukae kimya mpaka siku ya kuzaliwa. Kwa daktari hakukuomba."

Kwa hiyo hili ndilo jibu la swali lenu, na somo la wiki. Mwenzako akikosea jukwaani, mfuate, umfiche, wateja wasijue. Huo ndio ustadi na nitawafundisha mpaka vidole vyenu viote sugu. Akiugua, nyamaza. Ondoa mikono kwenye nyaya. Waache wageuke, waache wakasirike, wimbo uharibike mbele ya binti yake na keki yake.

Na niliwaambia mwanzoni kwamba nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Mlidhani ni kwa ajili yenu. Claudette hajui Kiswahili hata neno moja. Ninyi mmelijua kabla yake, na hilo nalo ni kosa, nimeliongeza juu ya yale mengine.

Jumamosi ile tukirudi kutoka kwa Mzee nilikuwa nimejiapiza kwamba nitasema ndani ya gari. Kutoka kule mpaka kwangu kuna taa za barabarani kumi na saba, nimezihesabu. Kwenye kila nyekundu nilifungua mdomo. Ya mwisho iko karibu na jengo letu, na huwa inakawia. Claudette alikuwa anaimba chini chini wimbo wa baba yake, anaongeza hesabu moja pale pale anapoongeza yeye.

"Claudette," nikasema.

Akaacha kuimba, akanigeukia na uso ule wa Mzee Vernon. "Naam, Salome?"

Nilihesabu mpaka kumi na mbili.

"Taa imekuwa kijani," nikasema, naye akaondoa gari.